Mwache Manka apande kosta

Marahaba mwanangu, na pole na kazi. Hadithi yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nasubiri zamu kwa kinyozi hapa Ngarenaro, Arusha, ya pili usiku nyumbani na kalamu nyekundu mkononi, na kabla sijaanza kukosoa nikwambie ukweli, ungekuwa huna kipaji ningekujibu kwa mistari mitatu nikalala zangu.

Niliweke swali lako kwa ufupi ili na wengine wafuate. Wewe ni fundi cherehani Moshi mjini, una miaka 31, umeandika hadithi fupi ya dada wawili wa Kibosho, mlimani Kilimanjaro. Manka, mkubwa, amebaki nyumbani na mama mgonjwa. Haika, mdogo, kasoma, yuko Arusha ana kazi ya ofisini, kila Desemba anapanda mlimani na mabegi na zawadi. Hawaivi. Mwisho mama anafariki, wanakumbatiana, na Haika anasema "Dada, maisha yangu yote nilitaka tu unikubali." Umewapa watu watatu wasome na wote wamekwambia hadithi inahubiri. Unauliza, hiyo kiu ya ndugu kutaka kukubaliwa na nduguye unaionyeshaje bila mtu kuitamka?

Tuanze na hiyo sentensi ya Haika maana shida yote imelala hapo. Mimi nina miaka 58, tumezaliwa saba, nimekaa kwenye vikao vya ukoo mpaka vile ambavyo watu wameshashiba mbege, pombe yetu ya ndizi, na ulimi umelegea, sijawahi kusikia mtu anamwambia nduguye "nataka unikubali". Hakuna. Mtu anamwambia nduguye "mbona umekonda", "hiyo simu yako unainunulia vocha ya nini kama hupokei", "nani kakukata nywele hivo". Ndugu wanaongea pembeni ya jambo. Wakiligusa lenyewe wanagombana au wanatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe.

Nikupe mfano wangu mwenyewe. Kaka yangu anayenifuata ni fundi magari, gereji yake iko mtaa wa Unga Limited. Miaka mingi nimeandika, hadithi zangu zimetoka kwenye magazeti, na huyu bwana hajawahi kuniambia neno, yaani sio zuri sio baya, nikawa nishajiambia basi huyu kwake mimi ni mtu wa makaratasi tu. Siku moja nimempelekea gari, kainama kwenye injini, hata kichwa hajainua, ananiambia: "Yule dereva wako anafungua nati za tairi na spana namba kumi na nne. Hiyo ni ya nini, ya baiskeli?" Mimi nikasimama pale kama mlingoti. Hadithi yenye yule dereva ilikuwa imetoka kama miezi minane nyuma. Kumbe kasoma, na kasoma mpaka namba ya spana, na kakaa nayo miezi minane inamuwasha kwasababu mdogo wake, au niseme mkubwa wake, kaaibika mbele za watu kwa jambo ambalo yeye angemsaidia kwa simu moja. Nilirudi nyumbani nina furaha ya kijinga ambayo mke wangu hadi leo haielewi. Tangu siku hiyo hadithi yoyote yenye gari inapita gereji kwanza.

Sasa angalia, pale neno "kukubali" halikutajwa. Kilichotokea ni kwamba mtu ameingia kwenye kazi ya mwenzake akaiangalia kwa macho ya kazi yake mwenyewe. Hicho ndio kitu ndugu wanakitafuta kwa wenzao, kuonwa wanachofanya, na kuonwa na mtu aliyewajua wakiwa na kamasi. Sifa za jirani hazijazi hilo shimo, wala za bosi.

Nikirudi kwenye kazi yako. Umekosea mwenye njaa. Wewe unadhani mwenye kiu ya kukubaliwa ni Haika, ndio maana umempa yeye ile hotuba. Lakini hebu rudi ukurasa wa 3 ulioandika mwenyewe. Haika anakuja kesho. Manka anahamisha kochi, analirudisha, anatandika kitambaa kipya cha meza, anaosha vikombe ambavyo vilishaoshwa, anachinja jogoo aliyekuwa anamtunza kwa mbegu, alafu Haika anaingia mlangoni jasho linamtoka na mabegi, Manka anamwambia nini? "Umechelewa, chakula kimepoa." Mwanangu, huyo anayeosha vikombe mara mbili ndio mwenye njaa. Haika na yeye anayo yake, sikatai, lakini ya Manka ndio imejaa kwenye kila sahani ya hadithi hii na wewe mwenyewe uliyeiandika umepita juu yake, nahisi ni kwasababu hadithi tunaiona kwa macho ya Manka, na mwenye macho huwa anaona vidonda vya wenzake haraka kuliko vyake. Na kama Manka ana kitu chako ndani yake, sikuulizi, hiyo ni yako.

Alafu kuna jambo zito zaidi umeliweka kwenye mstari mmoja ukaliacha. Umesema wana kaka mdogo, kitinda mimba, yuko Dar. Basi, hatumsikii tena. Lakini msomaji yeyote wa Uchaggani akiona hapo masikio yanasimama, maana kwa mila ya kwetu nyumba ya wazazi ni ya yule mtoto wa kiume wa mwisho, wa kwanza naye ana sehemu yake, wa katikati wanaenda kutafuta duniani, na mabinti wanahesabiwa wataolewa. (Ndio, najua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa. Kikao cha ukoo chini ya mti nacho kina spidi yake.) Kwahiyo Manka miaka yote hii anapalilia migomba, anakata matawi ya kahawa, anambadilishia mama mashuka, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, ambacho kwa macho ya ukoo sio chake na siku mama akiondoka, yule kaka mwenye nacho anaweza kushuka kwenye basi la Dar na funguo. Mama hatamwambia asante, mama anamsifia Haika kwa wageni. Ukoo hautamwambia. Kaka hajui hata kahawa inakatwa mwezi gani. Amebaki nani duniani wa kumwambia Manka kwamba haya uliyoyafanya yalikuwa kazi na nimeyaona? Mmoja tu. Na huyo mmoja anakuja mara moja kwa mwaka na kitenge. Hapo ndio unaelewa kwanini vikombe vinaoshwa mara mbili, na hapo hadithi inapata uzito bila mtu kuhubiri. Sisemi uandike hadithi ya kesi ya ardhi, hapana, mistari minne mitano inatosha, mahali pazuri ni mjomba anapokuja na kuuliza "kijana atakuja lini aone shamba lake?" na Manka anaendelea kumenya ndizi.

Kuna hadithi moja huwa nawapa wanafunzi kwa ajili ya jambo hilihili, ya Mmarekani James Baldwin, inaitwa "Sonny's Blues", ya mwaka 1957. Baldwin mwenyewe alikuwa mkubwa katika familia ya watoto tisa huko Harlem, New York, kwahiyo alijua anachokisema. Msimulizi ni mwalimu wa hesabu za aljebra, kaka mkubwa, hana hata jina kwenye hadithi nzima. Anasoma gazetini ndani ya treni kwamba mdogo wake Sonny, mpiga piano, kakamatwa kwa mambo ya heroini. Na unajua anafanya nini? Hamwandikii. Muda mrefu tu. Anakuja kumwandikia pale mtoto wake mwenyewe, kabinti kadogo, kanapokufa kwa polio, yaani mpaka na yeye aumie ndio anamkumbuka mwenzake. Na mama yao kabla hajafa alishamwomba amwangalie huyo mdogo. Ukisoma harakaharaka utasema Sonny mlevi ndio anayehitaji kukubaliwa na kaka yake mwenye heshima zake. Soma taratibu. Yule mwalimu anateseka, hajui afanye nini na hatia yake, na ukweli anamhitaji Sonny kuliko Sonny anavyomhitaji yeye.

Lakini nilichotaka ukione ni mwisho wake. Sonny anamwambia kaka yake twende ukanisikilize napiga. Wanaenda kwenye kilabu cha jazi, mkubwa anakaa kwenye kona yenye giza, na mle ndani yeye sio mwalimu wala mkubwa wa mtu, ni mgeni, wote wanamjua Sonny na wanamheshimu. Anasikiliza. Mapumziko yakifika anaagiza kinywaji kipelekwe pale kwenye piano, Sonny anaonja, anamwangalia, anatikisa kichwa kidogo. Kwisha. Hakuna nisamehe, hakuna nimekukubali. Mtu amevuka kwenda upande wa mwenzake, akakaa kimya kwenye dunia asiyoijua, akatuma glasi.

Hapo sasa ndio nikagundua hadithi yako imekwama wapi, na ni kitu cha barabara. Kwenye kurasa zako zote 14 safari ni moja tu, Arusha kwenda Kibosho. Haika anapanda, Haika anashuka. Desemba, Pasaka, msiba, kila kitu kinatokea jikoni kwa Manka. Manka hajawahi kupanda gari kwenda kuona mdogo wake anaishije! Ni kilomita kama 80 hivi, mtu anaenda na kurudi siku moja na bado anawahi kufungia kuku. Na hii ni tabia yetu wa huku, tunajua kupokea Desemba mpaka mlima mzima unajaa magari, lakini waulize wakubwa waliobaki nyumbani ni wangapi wameshawahi kulala hata usiku mmoja kwa mdogo wao mjini, utashangaa. Nyumbani ni kule juu, kwahiyo wa mjini ndio aje. Wa mjini naye anajua akija atakaa kama mgeni kwenye nyumba aliyozaliwa, atapewa kikombe kizuri, na kupewa kikombe kizuri na dada yako mwenyewe kunaweza kuuma kuliko kunyimwa.

Mwache Manka apande kosta. Toa ule msiba wote, mama asife kwenye hadithi hii, abaki na mgonjwa mwenzake jirani siku mbili. Mpe Manka sababu ndogo, ndogo kabisa, labda kuna dawa ya mama inapatikana Arusha au kuna karatasi ya kusaini, kwasababu hatakiri kwamba anaenda kumwona mtu. Anapanda stendi ya Moshi na kapu la ndizi na parachichi miguuni, Boma Ng'ombe, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, hizo zipitishe kwa sentensi moja usituandikie ramani, na ukimaliza muweke mtaa wa Sakina, Arusha, usiku, kwenye chumba cha Haika.

Na chumba hicho usikifanye kizuri. Miaka yote Manka anajenga kichwani nyumba ya Haika, ana vigae, ana friji ya milango miwili. Kumbe ni chumba kimoja, choo cha wapangaji wote, kiti kimoja cha plastiki. Mabegi ya Desemba yalikuwa ya mkopo wa kikundi. Usituambie hivyo lakini! Tuonyeshe daftari la mchezo la Haika, lile la kuchangiana pesa kwa zamu, limefunguka mezani, Manka anasoma tarakimu mbili anageuza macho. Hapo pia Haika anapata yake. Muda wote alikuwa akipanda mlimani kuonyesha, na siku moja mtu anaingia pale ambapo hana cha kuonyesha.

Sasa ile sentensi bora kuliko zote uliyoandika. Iko ukurasa wa 6, umeizika katikati ya aya ya mvua: "Manka alimpima mabega kwa macho akajua amepungua." Nilipoifikia nikaweka kalamu chini. Hiyo mimi siwezi kuiandika, miaka 30 ya kufundisha Kiswahili hainipi hiyo, inatoka kwa mtu aliyeshika futi shingoni. Na wewe umempa Manka kilimo tu, kushona umekuacha wewe mwenyewe nje ya hadithi, sijui kwanini, labda unaona aibu kuandika kazi yako. Mpe cherehani. Kila kitu tunachokitafuta kipo kwenye hilo jicho. Pale Sakina Haika anavua sketi ya ofisini anaitundika, na Manka anaona kiunoni imekunjwa ikashikwa na pini. Imekuwa kubwa. Mtu aliyepungua hivyo bila kumwambia dada yake fundi ampunguzie nguo, kuna kitu hapo. Manka asiulize. Ukimfanya aulize tu umerudi msibani kwenye hotuba.

Kuhusu jinsi wanavyoitana, hiki ni kidogo lakini kinafanya kazi kubwa. Kwenye ule mfano wa mwana mpotevu, Luka 15, kaka mkubwa anapolalamika kwa baba hasemi "ndugu yangu", anasema huyu mwana wako. Baba anamrudishia taratibu, huyu ndugu yako. Maneno mawili tu na ugomvi wote uko humo, na ukiangalia, hadithi haituambii kama yule kaka aliingia ndani kwenye sherehe au alibaki nje. Imeachwa hapo karibu miaka elfu mbili na watu bado wanabishana. Kwako Haika anamwita mwenzake "dada" mara 41, nimehesabu, mpaka neno limekufa. Mpunguzie. Aseme "wewe", aseme "mama Neema" mbele za watu kwasababu anaogopa ukaribu, na "dada" itoke mara moja tu, gizani, wakiwa wamelala kitanda kimoja kwasababu hakuna kingine, na isifuatwe na kitu cha maana. "Dada, unalala?" Inatosha.

Isale, ule mmea wetu Wachagga wa kuombea msamaha. Nilijua utaileta na umeileta, Haika anachuma jani la isale anampa Manka mwishoni wapatane. Mila ni ya kweli, ukipelekewa isale kukataa ni kazi, na kwa Mchagga jani hilo lina uzito wake. Tatizo ni kwamba kwenye hadithi linakusaidia kazi uliyotakiwa uifanye mwenyewe, ni kama mtu anatoa cheti badala ya kupika. Tena isale hiyohiyo ndio tunapanda mpakani mwa kihamba, mmea mmoja unasema huku ni kwako na huku ni kwangu na huohuo unasema tuyaishe. Nisingeichuma. Ningemwacha Manka anapotoka alfajiri kwenda kupanda gari aipite pale kwenye mpaka wa lile shamba ambalo mjomba anasema kijana atakuja kuliona, na yeye aiguse tu kama mtu anayegusa mlango kuona umefungwa. Mwenye kujua atajua. Asiyejua ataona mmea, hakuna hasara.

Umeniuliza pia kama usome saikolojia ya watoto wa kwanza na wa mwisho. Soma kama una muda, kuna daktari wa Austria, Alfred Adler, ndiye aliyesambaza lile wazo kwamba mtoto wa kwanza ni kama mfalme aliyevuliwa kiti siku mdogo wake alipozaliwa, linafurahisha. Lakini lisiingie kwenye hadithi. Wahusika wanaotembea na nadharia mgongoni huwa wanachoka mapema.

Mwisho wa hadithi yako mimi ningeufanya hivi, na uko huru kukataa. Usiku umeenda, Haika kalala au anajifanya kalala. Manka anaamka, anachukua simu anamulika, anatoa sindano na uzi kwenye pochi, fundi hasafiri bila sindano, anaichukua ile sketi anaanza kutoa pini. Anapima kwa vidole kwasababu hana futi. Anapunguza upande mmoja. Na Haika kitandani, bila kugeuka, anasema kitu cha kijinga cha kazi, mfano "acha kidogo, ntanenepa Desemba". Manka anajibu "nimeacha inchi moja". Kata hapo. Usiongeze jua kuchomoza, usimtoe mtu machozi, na wala usituambie kesho yake ilikuaje ofisini.

Inchi moja lakini wewe ndio unajua, mimi sio fundi. Kama sketi ya hivyo inaachwa nusu inchi weka nusu, kaka yangu wa gereji akisoma asije akanipigia.

Kurasa zako nimezirudisha kwa kijana wa basi, ziko kwenye bahasha ya kaki. Kuanzia ukurasa wa 1 hadi wa 6 utaona alama nyekundu nyingi, usiogope, hizo ndio zinabaki. Kuanzia wa 7 sijaweka alama hata moja.